Lord Acton na Mizani ya Wenye Mamlaka (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia iliishia mwaka 1870, Lord Acton, Mkatoliki wa Uingereza, akiwa ameshindwa kuwazuia maaskofu wa Mtaguso wa Vatikano wasitangaze kwamba Papa, afundishapo rasmi mambo ya imani, hawezi kukosea. Hakulihama Kanisa, wala hakuificha rai yake. Na katika dhiki hiyo aliishi miaka 32 mingine, hata akafariki Tegernsee, Bavaria, tarehe 19 Juni 1902, akiacha nyuma yake maktaba ya vitabu vipatavyo 60,000, na kitabu kimoja, historia ya uhuru wa wanadamu, ambacho wengi walikingoja na yeye hakukiandika.

Neno lake mashuhuri, la kwamba madaraka humwelekeza mtu kwenye uharibifu, limepita mikono mingi kama ile misalaba ya shaba ambayo wazee wetu wa Katanga waliifanyia biashara, mpaka pembe zake zimelainika na halimkati mtu tena. Basi tulirudishe kwa aliyeandikiwa. Mandell Creighton, padre wa Kianglikana, alikuwa ametoa majuzuu ya historia ya Mapapa, na humo aliwasamehe mengi, akiwapa udhuru wa zama zao. Mwaka 1887 Acton akamwandikia kumlaumu, yaani Mkatoliki alimkemea Mwanglikana kwa kuwahurumia Mapapa kupita kiasi, jambo ambalo hunifanya nicheke peke yangu kila nilikumbukapo. Hoja yake ni kwamba mtu wa chini akikosa, hakimu yuko. Lakini mfalme au Papa akikosa, nani atamwita barazani ila mwanahistoria? Kwa hiyo mwenye mamlaka asidhaniwe heri kwa sababu ya cheo, bali ashukiwe zaidi kadiri mamlaka yake yanavyozidi, na aliyeua kwa wino wa amri apimwe kwa mizani ile ile ya aliyeua kwa kisu, wala utakatifu wa kiti usimpunguzie hata ratili moja.

Mizani hiyo tuilete Lubumbashi. Zama mji huu ukiitwa Élisabethville ulikaa juu ya mafiga matatu, Serikali, kampuni ya migodi ya Union Minière na Misheni. Na ukisimama leo karibu na kilima cheusi cha mabaki ya shaba, ukaitazama dohani ndefu ya kiwanda, huwezi kusema ni figa lipi lililobeba uzito zaidi. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa kampuni, ambao bei za wakati wa vita zilikuwa zimeupiku mshahara wao, waliogoma wakakusanyika katika uwanja wa mpira, walipigwa risasi na askari, wakafa makumi, na karani Léonard Mpoyi aliyewasemea akafa pamoja nao. Gavana wa jimbo alikuwa Amour Maron. Mkuu wa Kanisa katika Katanga, tangu 1910 hata kufa kwake mwaka 1958, alikuwa Monsenyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto ambaye misheni yake iliwafungulia baba zetu shule, na aliyeutetea ukoloni kwa moyo wake wote. Kwa shule namshukuru, walakini hesabu ya shule haifuti hesabu ya pili. Watu wa wakati ule, kwa kuziona ndevu zake zilivyofanana na za Leopold wa Pili, walinong'ona kwamba ni damu ya mfalme. Uvumi ni uvumi, lakini waliouvumisha walikuwa wameona kufanana kulikozidi ndevu.

Acton aliziamini nyaraka kuliko masimulizi, na hapa namwacha njiani, kwa kuwa nyaraka za mwaka 1941 aghlabu ziliandikwa na kufungiwa kabatini na wale wale wanaohukumiwa. Tunao mashahidi wengine: mwaka 1965 maboi wa zamani wa mji huu waliandikisha kwa Kiswahili, kwa mkono wa André Yav, historia ya mji waliyoiita Vocabulaire, kurasa chache za taipu, ambamo waliopeleka kahawa mezani wanaeleza walivyowaona wenye meza.

Tena mizani haimwachi Acton mwenyewe. Mwaka 1866 alimwandikia Jenerali Robert E. Lee wa majeshi ya Kusini ya Marekani akiomboleza kushindwa kwao vitani, kwani aliziona haki za majimbo kuwa kizuizi cha dhulma ya serikali kuu. Watumwa, ambao haki hizo zilisimama juu ya migongo yao, hawakuwa na uzito wa kutosha katika mizani yake. Mkatanga asomaye habari hiyo hana budi kukohoa kidogo, maana hapa nasi Moïse Tshombe aliitangaza haki ya jimbo kwa kuitenga Katanga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, akaletwa kwa ndege katika mji huu huu, akauawa usiku.

Katika zama zetu aliyeishika mizani hiyo ni Profesa Isidore Ndaywel è Nziem, Mkatoliki, mtungaji wa Histoire générale du Congo ya mwaka 1998. Muhula wa Rais Joseph Kabila ulipokwisha pasi na uchaguzi, yeye na wenziwe wa Comité laïc de coordination, kamati ya walei Wakatoliki, waliwaita waumini watoke Misani tarehe 31 Desemba 2017, rozari na Biblia mikononi, waandamane. Wakajibiwa kwa risasi. Januari 2018 zikatolewa hati za kuwakamata waandalizi, na mzee aliyezoea kuwapekua wenye mamlaka ndani ya karatasi akawa yeye ndiye anayepekuliwa. Maandamano ya tarehe 25 Februari yalimkuta mafichoni.

(Itaendelea)