Kwa nini shule inauliza habari za siku 21

Wazazi wengi hukereka shule inapowauliza kama mtoto ameugua likizo, au kama amegusa maiti msibani. Kwetu Bukoba na Muleba swali hilo lina historia. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Bukoba. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki. Januari 2025 ukarudi mkoani, safari hii Biharamulo.

Dalili huanza siku 2 hadi 21 baada ya kuambukizwa, na hesabu ya shule imetoka hapo. Virusi huingia kwa kugusa damu, matapishi au majimaji mengine ya mgonjwa au marehemu. Ndipo ugumu ulipo, maana kwetu kumwosha marehemu ni heshima ya mwisho.

Mzazi wa kidato cha nne, kwa hofu ya mtihani, humpa mtoto dawa ya kushusha homa na kumpandisha basi. Kwa kweli homa nyingi hapa ni malaria, lakini bweni halina namna ya kujua. Apimwe kwanza, na shule ipigiwe simu kabla hajasafiri. Masomo ya wiki moja hunakiliwa kwenye daftari la rafiki. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.