Uvira: Mashine ya sumaku inayotibu farasi Ulaya na Marekani, je, itamfaa ng'ombe anayechechemea Kiringye?

Mtu anaweza kuishi Kiringye miaka mingi bila kuona farasi. Wanyama wanaojulikana huku, katika bonde la Ruzizi wilayani Uvira, ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, wanaochungwa pembeni ya mashamba ya mpunga, mihogo na mahindi. Lakini simu imefupisha safari. Siku hizi mfugaji anaweza kutazama video ya farasi wa mashindano akiwa amezungushiwa mpira mnene shingoni na mgongoni, huku nyama za mwili zikirukaruka, na muuzaji akisema kwamba maumivu yamekwisha.

Mashine hiyo inatumia mapigo ya sumaku. Ndani ya mpira ule kuna waya uliozungushwa. Umeme unapitishwa ndani yake kwa kukatakata, na kila pigo linaamsha nguvu ya sumaku inayopenya mwilini bila kuchana ngozi na kuzaa mkondo mdogo wa umeme. Kuruka kwa nyama kunakoonekana kwenye video ni kweli, kwa mashine zenye nguvu. Ila nyama kuruka ni jambo moja, na ugonjwa kupona ni jingine.

Chanzo cha tiba hii si uganga. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Japani, Fukada na Yasuda, walionyesha kwamba mfupa ukikandamizwa unatoa umeme kidogo. Miaka ya 1970, daktari Andrew Bassett wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akatumia mapigo ya sumaku kwa wagonjwa ambao mifupa yao ilivunjika na kukataa kuunga. Mwaka 1979 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakubali kifaa cha namna hiyo kwa binadamu, kwa kazi hiyo ya mifupa.

Kutoka hapo biashara ikahamia kwa wanyama, na hapo ndipo mfugaji anatakiwa kufungua macho. Mamlaka ile ile ya Marekani haimlazimishi mtengenezaji wa vifaa vya wanyama kupata kibali kabla ya kuuza. Kwa hiyo mashine ya maelfu ya dola inaweza kufika sokoni kabla mtu hajathibitisha kwamba inaponya. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa farasi wa mchezo wa polo wenye maumivu ya mgongo. Baadhi walipewa tiba ya kweli, wengine kifaa kisichofanya kazi, na waliowapima hawakujua nani kapewa nini. Tofauti haikuonekana. Kwa mbwa waliopasuliwa mgongo, utafiti mdogo wa 2018 ulionyesha kwamba maumivu ya kidonda yalipungua. Basi si uongo mtupu, lakini ushahidi bado ni mwembamba kuliko maneno ya wauzaji.

Turudi kwa ng'ombe wetu. Anapochechemea, mara nyingi si mgongo wala uchovu wa mbio. Pengine ni mwiba au jiwe katikati ya kwato, au kwato zilizooza kwa kusimama kwenye matope. Pengine ni ugonjwa wa miguu na midomo: mate yanachuruzika, vidonda vinatokea mdomoni na kwenye kwato, na kwa siku chache zizi zima linaambukizwa. Hicho ni kirusi, na sumaku haiui kirusi.

Kibaya zaidi ni chambavu. Kinapenda ndama wakubwa na mitamba, wa kati ya miezi 6 na miaka 2, tena wale walionona. Asubuhi mnyama anachechemea, paja au bega limevimba, na ukilibonyeza unasikia mchakato kama wa hewa chini ya ngozi. Kwa siku moja au mbili amekufa. Penisilini inaweza kumwokoa ikiwahi sana, kwa hiyo saa zinazopotea kwa kumkanda, kumfunga sumaku au kungoja mtu aliyeona video ndizo zinazomuua. Mzoga haupasuliwi wala hauliwi. Unafukiwa chini sana au unachomwa, maana mbegu za ugonjwa zinakaa ardhini miaka mingi na kungoja kundi jingine.

Mfupa uliovunjika ni habari tofauti, na hapo ndipo sumaku ilipoanzia. Hata hivyo ndama aliyevunjika mguu chini ya goti anaunga vizuri kwa vipande vya mwanzi na kitambaa, mradi kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko vifungwe visicheze, na kamba isibane hadi kwato ikapoa. Waunga mifupa wa vijijini wanaijua kazi hiyo. Ng'ombe mzima aliyevunjika paja, kwa kawaida, anaishia kichinjioni, na mashine haitabadilisha hilo.

Umeme si mgeni katika bonde hili: mtambo wa Ruzizi II, unaotumiwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, unaendeshwa na mto huu huu. Ila kifaa cha umeme ambacho mfugaji wa Kiringye anakihitaji kwanza ni frigo. Chanjo ya chambavu na ile ya miguu na midomo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, tangu zinapotoka stoo mpaka sindano inapoingia shingoni mwa ng'ombe. Zikipata joto njiani zinaharibika, na kwa kutazama chupa tu huwezi kujua. Anayenunua chanjo amuulize mganga wa wanyama ilihifadhiwa wapi usiku uliopita, na aangalie kama barafu bado imo ndani ya sanduku.