Ndege Huharibikia Porini, Si Mezani

Watu wakimwona kanga aliyekaushwa amesimama juu ya kabati, kidari mbele na jicho linang'aa, sifa zote humwendea aliyemjaza. Kazi hii ya kuchuna na kusimamisha ndege nimeifanya kwa miaka mingi hapa Korogwe, na sifa hizo huwa nazipokea nusu. Nusu nyingine ni haki ya mtu ambaye hatamwona kanga huyo sebuleni: yule aliyemwokota majanini kule Handeni, jua la utosi, akajua la kufanya. Akikosea yeye, mimi sina dawa.

Sababu yenyewe imo ndani ya ndege. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 40 hadi 42, juu kuliko letu, na amevaa manyoya ambayo kazi yake ni kulizuia joto hilo lisitoke. Akifa, moyo unasimama lakini joto linabaki ndani, na vijidudu vya utumbo wake vinaendelea kula. Mrushe kwenye bodi ya pikapu juu ya wenzake, mfunike turubai, mpitishe Mkata na Segera mchana, na akifika kwangu tumbo limeshageuka kijani. Ukigusa manyoya ya tumbo yanabaki mkononi. Ngozi ikishafikia hapo haishonwi wala haigundishwi.

Kwa hiyo wasasi wanaoniletea ndege huwapa masharti kabla hawajaondoka. Chukua bunduki ya marisau madogo, usipige kwa karibu mno, kwa sababu ndege aliyetobolewa kote ni wa mchuzi. Mwokote kwa miguu, usimning'inize kwa shingo. Ngozi ya shingo hunyooka na manyoya yake yakachomoka. Mtie pamba mdomoni na sehemu ya haja ili majimaji yasichafue kifua. Damu ifute palepale kwa kitambaa chenye maji, ukifuata mlalo wa manyoya. Kisha mtundike kivulini penye upepo apoe kabisa, ndipo umviringishie karatasi ya gazeti umtie kwenye kasha la barafu. Mfuko wa plastiki kabla hajapoa ni kumpika. Na mzuie nzi: akishataga mayai kwenye kona ya mdomo, kesho yake una funza.

Sharti moja huleta ubishi kila msimu. Wasasi wengi wa huku ni Waislamu, na kanga akianguka bado ana roho, mkono wa kwanza huenda kwenye kisu. Kijana mmoja wa Kizigua aliyekuwa akituongoza porini alinikabili waziwazi.

"Mzee, tukimwacha hivihivi si atakuwa kibudu?"

"Kwa kuliwa, ndiyo, ni kibudu," nikamjibu. "Ukimchinja amekuwa halali, ila shingo imekatwa na damu imeshuka kifuani. Kwangu mimi huyo amekwisha. Chagueni mapema yupi wa chungu na yupi wa kabati."

Tangu hapo huo ndio utaratibu wetu. Ndege wa kuliwa huchinjwa na kwenda jikoni, na aliyekusudiwa kuhifadhiwa haguswi na kisu mpaka afike mezani. Ubishi umekwisha na hakuna anayelishwa asichokitaka.

Mezani nahitaji vitu vichache: kisu kidogo chenye ncha, mkasi, koleo, sindano na uzi, waya, pamba, na bakuli la unga wa sembe. Unga huo huwachekesha wageni, lakini ndio unaonyonya majimaji na kuzuia manyoya yasigandamane. Kabla ya kukata chochote napima urefu wa ndege na mzunguko wa kiwiliwili, na napiga picha ya kichwa kwa simu. Kwa kanga picha hiyo ni lazima. Rangi ya manyoya hudumu miaka na miaka, lakini rangi ya ngozi tupu hufa pamoja na ndege: bluu ya mashavu na wekundu wa ndevu hupauka ngozi inapokauka. Baadaye nitazirudisha kwa brashi na rangi, na nisipokuwa na picha nitakuwa nabuni.

Napasua kuanzia katikati ya kidari hadi karibu na mkia, ngozi tu, bila kutoboa ukuta wa tumbo. Tumbo likitoboka, unga hautoshi. Nasukuma ngozi kwa kucha kuliko kwa kisu. Nakata mguu kwenye goti, natenganisha mkia nikiacha kifupa kinachoshika manyoya yake, nakata mabawa kwenye mabega, kisha naivua ngozi kuelekea kichwani ikigeuka ndani nje kama soksi. Kwa kanga njia hiyo inaishia shingoni, maana kichwa chake chenye pembe hakipiti. Hapo nampasua kidogo kisogoni, nakitoa kichwa kwa upande huo, nasafisha fuvu, natoa ubongo na macho, na nikimaliza nashona mahali ambapo manyoya yatafunika.

Si ndege wote wana tabia moja. Njiwa na ninga wana ngozi nyembamba sana na manyoya yasiyoshika. Ukiwavuta kwa haraka unabaki na kipara. Bata ana mafuta, na mafuta yasipokwanguliwa yote hutoka polepole miaka ya baadaye, yakageuza manyoya ya kifua kuwa ya njano. Kwale ni mwalimu mzuri kwa anayeanza: mwili wa wastani, ngozi ya wastani, na akiharibika hasara si kubwa.

Ngozi ikishakuwa safi naipaka boraksi upande wa ndani. Ni poda nyeupe, ileile ambayo masonara huitumia kuyeyushia dhahabu, na wadudu walao ngozi hawaipendi. Chumvi mnayoiona kwenye ngozi za nyati na swala haifai kwa ndege: huvuta unyevu wa hewa, na Korogwe unyevu tunao wa kutosha, kisha hula waya. Kiwiliwili kipya natengeneza kwa nyuzi fupi za katani, zile zinazobaki zikichambuliwa, nikizifunga kwa uzi hadi ziwe ngumu na zilingane na mzoga niliouweka pembeni. Watu wa Ulaya hutumia manyuzi ya mbao, lakini mtu anayeishi katikati ya mashamba ya mkonge aagize mbao zilizochambuliwa za nini? Waya hupita miguuni, mabawani na shingoni na kujikita kwenye katani. Halafu nashona, natia macho ya kioo, napanga manyoya moja moja kwa sindano, nafunga kwa uzi, namwacha akauke kwa wiki kadhaa.

Huyo ndiye ndege wa kusimama. Yuko mwingine ambaye hasimami kamwe, naye ana thamani kubwa zaidi. Ni ndege wa makumbusho: analazwa chali, ametiwa pamba ndani, macho meupe ya pamba, miguu imefungwa pamoja, na kwenye miguu kuna kikaratasi. Hapambi chochote. Anakaa kwenye droo yenye giza akisubiri mwenye swali.

Maeneo yetu yametoa ndege wengi wa namna hiyo. Ng'ambo ya bonde la Lwengera kuna Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Bundi wa Usambara alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1908, akapewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa kituo hicho. Mwaka 1928, kituo kikiwa mikononi mwa Waingereza, alifika Reginald Moreau. Hakuwa amesomea ndege. Alikuwa mtu wa hesabu aliyetoka kwenye ofisi za ukaguzi huko Misri. Alikaa hadi 1946, na humo ndimo alimogeuka kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Mwaka 1931 ndege mdogo wa Usambara mwenye mdomo mrefu alipewa jina lake.

Lakini Moreau hakuingia misituni peke yake. Alikuwa na Salimu Asumani, mkusanyaji na mchunaji wake. Kila nikifikiria kazi ya Salimu, huwa nautazama mkono wangu. Ndege kama huyo wa mdomo mrefu ana mwili wa kulingana na kidole gumba, na ngozi yake ni laini kama hakuna. Umchune bila umeme, bila barafu, mvua za Usambara zikinyesha na karatasi ikigoma kukauka, afike London akiwa mzima! Vitabu viliandikwa kutokana na ngozi za namna hiyo. Kusini zaidi, Jali Makawa alifanya kazi hiyohiyo kwa miaka mingi pamoja na mtaalamu wa ndege Con Benson. Mwaka 1964 alipata huko Zambia kitororo mwenye kifua cheupe, na hadi leo hajapatikana wa pili. Ndege huyo alipewa jina la Makawa, na yote ambayo wataalamu wamebishana juu yake yanategemea ngozi moja iliyochunwa vizuri.

Kinyume chake kilitokea Udzungwa mwaka 1991. Watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini, wakaletewa chakula cha ndege aliyenaswa msituni, na ndani ya chungu wakaona miguu ambayo si ya kuku wala ya kwale yeyote wanayemjua. Walimfuatilia hadi wakampata mzima, na mwaka 1994 akatangazwa kuwa kwale wa aina mpya kabisa, ndugu zake wa karibu wakiwa Asia. Huwa nawasimulia wasasi kisa hiki. Siwaambii wasile kanga. Nawaambia kwamba ukiona ndege usiyemjua, mguu wake na bawa lake havina faida kwenye mchuzi.

Na hata akiwa ndege unayemjua sana, kikaratasi ndicho kinachomfanya awe na maana: wapi, lini, dume au jike, rangi ya macho. Miaka ya 1960 watafiti wa Sweden walipima zebaki kwenye manyoya ya ndege waliohifadhiwa tangu karne ya 19. Waligundua kuwa kiwango kilipanda ghafla katika miaka ya 1940, wakulima walipokuwa wakitia mbegu dawa yenye zebaki. Waliochuna ndege wale hawakuwaza zebaki. Waliandika tarehe na mahali tu. Sisi hapa Handeni tuna uchimbaji mdogo wa dhahabu, na zebaki hutumika kukamatia dhahabu. Kwale wa leo mwenye kikaratasi anaweza kumjibu mtu wa miaka hamsini ijayo. Kwale asiye na kikaratasi ni pambo.

Tahadhari mbili kabla sijaweka kalamu chini. Ya kwanza ni sumu. Kwa zaidi ya karne moja ngozi za ndege zilipakwa sabuni yenye aseniki, na sumu hiyo haiishi. Ukirithi ndege wa zamani au ukimkuta kwenye nyumba ya shamba la mkoloni, usimshike kwa mkono mtupu, na usimpe mtoto achezee. Ya pili ni sheria. Wanyamapori, ndege wakiwemo, ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwinda kunahitaji leseni, kumiliki nyara kunahitaji hati, na kufanya biashara ya nyara ni leseni nyingine. Mimi simpokei ndege asiye na karatasi zake, hata aletwe na ndugu yangu wa damu.

Vijana wanaotaka kujifunza kwangu hutaka kuanza na macho ya kioo. Nawaanzisha porini, na pamba na kalamu. Kwenye kikaratasi nawaandikisha mstari mmoja zaidi ambao vikaratasi vingi vya zamani havina: jina la aliyechuna. Makumbusho wakiona hauna kazi wataukata. Mpaka leo sijaona aliyeukata.