Nubia: Jina Moja, Koo Tofauti

Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles walipewa ardhi kando ya Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Palikuwa msitu, na msitu kwa lugha yao ni kibra. Ndiyo Kibera ya leo. Wajukuu wao ni Wanubi, na lugha yao ni Kinubi.

Kwa jina hilo mtu angeihesabu lugha hiyo kuwa ya Wanubia wa Mto Nile. Sivyo. Kinubi kilizaliwa katika kambi za askari kusini mwa Sudan, karne ya 19. Msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu, na ndugu yake wa karibu ni Kiarabu cha Juba. Lugha za Kinubia zenyewe, kama Kinobiin na Kikenzi mtoni au Kimidob kule Darfur, wanaisimu wengi huziweka katika ukoo mpana wenye Kijaluo na Kimaasai.

Magofu nayo yana mambo yake. Kerma, uliokuwa mji mkuu wa ufalme takriban miaka 2500 hadi 1500 KK, na piramidi za Meroe twaziita Nubia ya kale. Lakini Meroe ilikuwa na lugha yake. Msomi Griffith alizisoma herufi zake takriban mwaka 1911, ila maana ya maneno mengi bado imefumbika. Utafiti wa mwanaisimu Claude Rilly unaihesabu lugha hiyo kuwa binamu wa Kinubia, si mzazi wake. Katika karne ya 4 mfalme Ezana wa Aksum aliandika kwamba amewapiga Wanoba, ambao kwao ndiko wengi wanakotafuta asili ya jina Nubia.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Falme za Kikristo za Nubia ziliandika lugha yao kwa herufi za Kigiriki. Kigiriki hakikuwa na herufi ya sauti "ny", basi waandishi wakaiazima kutoka maandishi ya Meroe.

Bwawa Kuu la Aswan lilipojengwa miaka ya 1960, hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande likapandishwa juu ya maji. Wanubia wapatao 100,000 wa Misri na Sudan walihamishwa, wengi mbali na mto. Naona uchungu kwamba jiwe lilipata kinga ambayo lugha haikuipata: watoto wengi walikulia katika Kiarabu. Baadaye msomi Mukhtar Khalil Kabbara alizirejesha herufi za kale ili Kinobiin kiandikwe na kufundishwa, "ny" ya Meroe ikiwemo.