Picha Inayosikika: Safari ya Usanii ya Sammy Baloji na Funzo Lake kwa Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi Sammy Baloji, msanii wa picha kutoka Lubumbashi, alivyoufanya muziki na ughani kuwa chemchemi ya kazi zake. Hoja kuu ni kwamba katika eneo ambalo nyaraka nyingi ziliandikwa na makampuni ya madini, misheni na serikali za kikoloni, sauti hubeba ushahidi ambao karatasi haina. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kuhusu urekodiji wa nyimbo katika wilaya ya Nchelenge, Zambia, ambako wakimbizi wazungumzao Kiswahili cha Kongo wanaishi jirani na wenyeji wazungumzao Kibemba.

1. Utangulizi

Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita katikati ya Ziwa Mweru. Mashariki ipo Nchelenge, magharibi ipo Kilwa, na kaskazini ipo Pweto, karibu na mahali Mto Luvua unapotoka ziwani. Mpaka huo haujawahi kuwatenga watu wa pande hizi mbili. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vijana wa bonde la Luapula walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Katanga. Karne moja baadaye, madini ya mgodi wa Dikulushi yalivushwa kwa pantoni kutoka Kilwa hadi Nchelenge ili yaendelee na safari yake kwa barabara. Na mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya ya Nchelenge kuwapokea watu waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika.

Mtu anayekimbia huacha nyumba, shamba na vyeti. Lugha yake na nyimbo zake huvuka naye. Swali linalotukabili watafiti na washauri wa sera ni hili: nyimbo hizo ni burudani tu, au ni nyaraka? Makala haya yanalijibu kwa kumfuata msanii mmoja wa Katanga ambaye kazi zake zinatupa jibu kwa vitendo.

2. Msanii na mji wake

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alisomea fasihi na sayansi za jamii katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akaanza na katuni, kisha akaingia katika upigaji picha na kujiendeleza mjini Strasbourg, Ufaransa. Mji aliokulia uliinuliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na baada ya uhuru mali zake zikataifishwa na kuwa msingi wa Gécamines.

Kazi iliyomtambulisha ni mfululizo wa picha uitwao Mémoire, wa mwaka 2006. Alichukua picha za zamani, zisizo na rangi, za vibarua, wafungwa wenye minyororo na maofisa wa kikoloni, akawakata na kuwaweka juu ya picha zake za rangi za karakana na majengo yaliyochakaa ya Gécamines. Mtazamaji huona vizazi viwili mahali pamoja: waliojenga na kilichobaki. Hata hivyo watu waliomo katika picha hizo ni mabubu. Mpiga picha wa kampuni aliwapanga mstari kama alivyopanga vifaa, na mara nyingi hakuandika majina yao. Picha hukiri kwamba walikuwepo, lakini haituelezi walisema nini. Katika filamu ya jina hilohilo, Baloji alimshirikisha Faustin Linyekula, mcheza dansi na mbunifu wa miondoko, aliyecheza ndani ya magofu hayo. Hapo tayari picha peke yake ilikuwa imeanza kutafuta mwenzi.

3. Hatua tatu za kuelekea sauti

3.1 Kwaya

Mwaka 2017, katika maonyesho ya documenta 14, Baloji alionyesha filamu Tales of the Copper Cross Garden. Tunawaona wafanyakazi wakisindika shaba kiwandani. Tunachosikia ni kwaya ya wavulana. Nyimbo hizo zinaturudisha kwenye kwaya ya misheni ya Élisabethville, jina la kikoloni la Lubumbashi, ambayo waimbaji wake waliitwa waimbaji wadogo wa msalaba wa shaba. Jina hilo lina uzito. Kabla ya ukoloni, vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba vilitumika kama fedha katika eneo hili. Kampuni ikaichukua shaba, misheni ikauchukua msalaba, na mtoto akavishwa vyote viwili shingoni aimbe.

Filamu hiyo inaeleweka zaidi tukikumbuka kwamba kwaya za Katanga hazikuwa jambo dogo. Misa iliyojulikana duniani kama Missa Luba ilitokana na kwaya ya Kamina iliyoongozwa na padri Mbelgiji, Guido Haazen, na ikarekodiwa mwaka 1958. Kwaya ilikuwa shule ya nidhamu, na papo hapo ilikuwa mahali ambapo miondoko ya nyimbo za wenyeji iliingia kanisani. Baloji hatuambii tuchague upande mmoja. Anatuachia uzuri wa sauti na ugumu wa kazi kwa wakati mmoja.

3.2 Kasala

Hatua ya pili ni ya kurudi nyuma ya kwaya, kwenye utamaduni wa Waluba wenyewe. Kasala ni utungo wa kughani unaotaja majina, nasaba na sifa za mtu au ukoo; wasomaji wa fasihi simulizi watakumbuka vivugo vya Wahaya. Katika filamu yake iliyobeba jina la Kasala, Baloji alishirikiana na mwandishi Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, ambaye anaghani akiwa pamoja na wanamuziki.

Utafiti wa uzamivu alioanza Baloji mjini Antwerpen mwaka 2019 unaiweka kasala pamoja na lukasa. Lukasa ni ubao wa mbao uliopambwa kwa shanga na makombe, uliotumiwa na wanachama wa chama cha Mbudye. Mjuzi alipitisha kidole juu ya shanga huku akisimulia au kuimba historia ya ufalme, koo na maeneo. Hapa ndipo penye ufunguo wa suala letu. Kwa Waluba, kitu cha kutazama kilikuwa kwa asili kitu cha kuimbwa. Ubao bila mwimbaji ni pambo tu; mwimbaji bila ubao anaweza kupotea njia. Kwa hiyo, Baloji anapounganisha picha na muziki, anarudia utaratibu wa kale wa kuhifadhi kumbukumbu ambao makumbusho ziliuvunja zilipouweka ubao ndani ya kioo na kumwacha mwimbaji nje.

3.3 Matarumbeta

Hatua ya tatu ni kazi iitwayo Johari – Brass Band, ya mwaka 2020, iliyotengenezwa kwa ajili ya Grand Palais mjini Paris. Ni sanamu zenye umbo la ala za kupuliza, zilizotiwa nakshi za chale, yaani alama ambazo watu walichanjwa mwilini kuonyesha ukoo na hadhi. Nakshi za namna hiyo alikwishazitumia katika Sociétés secrètes (2015), alipozichora juu ya mabamba ya shaba. Ala hizo zinaunganisha bendi za kijeshi za Ulaya na bendi za matarumbeta za Waafrika wa New Orleans, waliozichukua ala za wakubwa na kuzipigia muziki wao. Sanamu haitoi sauti, lakini umbo lake linamkumbusha mtazamaji kwamba chuma hicho kiliwahi kupulizwa.

4. Lugha ndani ya sanaa

Kwa mtafiti wa lugha, majina ya kazi hizi yanastahili kuangaliwa. Johari ni neno la Kiswahili lililosimama katikati ya Paris bila mkalimani. Asasi ambayo Baloji aliianzisha pamoja na wenzake Lubumbashi, inayoandaa maonyesho ya kila baada ya miaka miwili yaliyoanza mwaka 2008, inaitwa Picha. Kiswahili cha Katanga, ambacho baadhi yetu hukihesabu kuwa kimeharibika, kimekuwa lugha ya fikra za sanaa kwa muda mrefu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliieleza historia ya nchi yake kwa Kiswahili hicho katika mazungumzo na Johannes Fabian miaka ya 1970, na kitabu kilichotokana nayo kikachapishwa mwaka 1996. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Bunkeya aliimba kwa Kiswahili hicho mbele ya kinasa sauti cha Hugh Tracey mwaka 1952.

Mfano wa Mwenda una funzo chungu pia. Mkusanyiko wa Tracey umehifadhiwa Afrika Kusini. Vilevile kazi nyingi za Baloji zimeonyeshwa zaidi Ulaya kuliko katika miji ya kando ya Mweru. Sauti imeokolewa, lakini mwenye sauti anaisikia kwa shida.

5. Funzo kwa Nchelenge

Mkoa wa Luapula una utajiri wake. Muziki wa kalindula unahusishwa na mkoa huu, na ngoma ya Mutomboko ya Mwata Kazembe huchezwa Mwansabombwe kila Julai. Wenye nyimbo hizo wana mahali pa kuziimbia na tarehe ya kuziimba. Mkimbizi wa Mantapala hana vyote viwili. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha 7 za kikanda zinazotambuliwa rasmi nchini Zambia, ingawa mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia ni mwanachama wake, ilikikubali kuwa lugha yake rasmi ya nne. Kwa hiyo mzee anapofariki Mantapala, nyimbo zake za Kiswahili huondoka bila taasisi yoyote yenye wajibu wa kuzipokea.

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, nyimbo na masimulizi ya wakazi wa pande zote mbili za ziwa virekodiwe kama vinavyosemwa, bila kusanifishwa, na majina ya waimbaji yaandikwe kwa ridhaa yao. Pili, nakala ya kila rekodi ibaki wilayani, mahali ambapo mwanafunzi na mvuvi wanaweza kuifikia. Tatu, wasanii wa picha washirikishwe tangu mwanzo wa kazi ya kurekodi, wasiitwe mwishoni kupamba jalada la ripoti.

6. Hitimisho

Safari ya Baloji ilianza na watu wasio na majina katika picha za kampuni, ikamfikisha kwenye kwaya, kwenye ughani na kwenye matarumbeta. Katika kila hatua alitafuta kile ambacho picha ilikuwa imekinyamazisha. Watafiti wa lugha walio karibu na Ziwa Mweru hawahitaji kungoja miaka 100 ili wafanye kazi hiyo juu ya magofu. Wenye sauti wangali hai, na wengi wao wanaishi mwendo mfupi kutoka ufukweni.