Mkono Umejifunza: Jicho Nalo Litajua?

Usiku taa ikizimika tunatia mkono ndani ya kitunga na kusema bila shaka: hili ni embe, hiki ni kiazi. Si ajabu, maana tangu utoto tumezoea kuviona na kuvishika pamoja. Lakini tuulize: aina ya vitu tuliyoijua kwa mlango mmoja tu wa fahamu, yaweza kutambuliwa kwa mlango mwingine?

Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kutuonyesha njia (Summa, I, q. 78). Rangi ni ya jicho peke yake, sauti ni ya sikio. Lakini umbo, ukubwa, hesabu, mwendo na utulivu hujulikana kwa fahamu zaidi ya moja. Basi rangi haivuki toka jicho mpaka mkono, umbo lavuka.

Katika mwaka 2013, wataalamu Yildirim na Jacobs wa Marekani walitangaza jaribio lao. Watu walifundishwa kwa macho kugawa vitu vigeni katika aina zake. Kisha walipapasa vitu vya namna ile pasipo kuviona, nao wakaweza kuvigawa.

Je, tumezaliwa na njia hiyo, ama yatengenezwa kwa mazoezi? Katika 1688 William Molyneux wa Dublin aliuliza hivi: kipofu wa kuzaliwa, anayejua kwa mkono kitu cha mviringo na kitu chenye pande sita sawasawa, akipata kuona, atavitambua kwa macho tu? Mwanafalsafa Locke alijibu: hapana.

Katika 2011 Held, Sinha na wenzao walieleza habari za watoto watano wa Uhindi, wenye miaka 8 mpaka 17, waliopasuliwa macho wakapata kuona. Mara ya kwanza, umbo walilolishika, jicho halikulitambua. Waliopimwa tena baada ya siku chache walitambua vizuri zaidi.

Basi sisi walimu tushike neno hili. Mtoto aliyetoka hospitali macho yamefunguliwa, naye hakitambui kikombe alichokishika kila siku, tusimwite mjinga wala mwongo. Akili yake ni nzima. Njia tu haijapitwa. Tumpe kikombe mkononi, akitazame huku akikipapasa, leo na kesho. Njia hutengenezwa na miguu ya wapitaji.