Mbolea ya Kukuzia: Mfuko wa Januari Si Sawa na Mfuko wa Machi

Katika toleo hili tumeona ni vyema tueleze jambo ambalo kila mwaka huulizwa katika mikutano ya kamati: kwa nini tunasisitiza fedha za mbolea ya mahindi zikusanywe mapema, wakati mvua hazijaanza na hakuna hata jani moja shambani? Jibu limo ndani ya mbolea yenyewe. Anayeelewa jinsi inavyofanya kazi ataelewa pia kwa nini mchango uliochelewa wiki sita unaweza kupoteza karibu faida yake yote.

Tutakayoizungumzia ni mbolea ya kukuzia, ambayo kazi yake kubwa ni kuupa mmea naitrojeni. Mbolea ya kupandia, kama DAP au ya Minjingu, huwekwa shimoni siku ya kupanda na huleta zaidi fosforasi kwa ajili ya mizizi. Hiyo tutaieleza siku nyingine.

Naitrojeni ni nini, na hutoka wapi?

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa takriban sehemu nne kati ya tano. Hata hivyo, muhindi hauwezi kuichukua hewani. Ni lazima ifike kwenye mizizi ikiwa imeyeyuka katika maji ya udongo. Mimea ya jamii ya mikunde, kama karanga, kunde, maharage na njugu mawe, ina vijidudu katika vinundu vya mizizi yake ambavyo huinasa naitrojeni ya hewani. Mahindi, mpunga na majani hayana msaada huo.

Mwaka 1909 mwanakemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha njia ya kuiunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni ili kupata amonia, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza kazi Oppau, Ujerumani. Mbolea za viwandani za leo, ikiwemo urea, hutokana na njia hiyo, na viwanda vingi hutumia gesi asilia. Ndiyo sababu bei ya gesi ikipanda duniani, kama ilivyotokea mwaka 2021 na 2022, mkulima wa Inyonga au Karema huiona bei hiyo dukani kwa wakala wa pembejeo.

Katika maduka yetu mbolea za kukuzia zinazojulikana ni tatu. Urea ina naitrojeni asilimia 46, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. CAN ina takriban asilimia 26 au 27, na SA ina asilimia 21. Kwa hiyo anayelinganisha bei asiangalie mfuko tu, bali aangalie kilo za naitrojeni zilizomo.

Kwa nini muda ni kila kitu

Mkoa wa Katavi hauna vuli na masika kama Kilimanjaro au pwani. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wakulima wengi hupanda kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba.

Katika wiki tatu za kwanza mche wa muhindi ni mdogo na hula kidogo. Ukifika kimo cha goti, njaa yake ya naitrojeni huanza kupanda kwa kasi, na hali hiyo huendelea hadi unapotoa mbelewele. Ni katika kipindi hicho hicho ambapo gunzi changa hupangwa ndani ya shina, idadi ya mistari yake na idadi ya punje katika kila mstari, kabla sisi hatujaona chochote kwa nje. Mmea ukikosa chakula wakati huo, gunzi huwa fupi. Mbolea itakayokuja baadaye inaweza kurudisha rangi ya kijani ya majani, lakini haiwezi kulirefusha gunzi lililokwisha pangwa.

Kwa kalenda yetu basi, mbolea ya kukuzia inatakiwa kuingia ardhini kati ya mwishoni mwa Desemba na katikati ya Januari. Mahindi mengi hutoa mbelewele Februari. Mfuko unaoshushwa ghalani mwezi Machi umekuta karamu imekwisha.

Wafadhili wetu wanaoishi nchi za baridi wataelewa haraka. Wengi wao huweka naitrojeni kwenye bustani za majani za nyumbani kwao mwezi Septemba au Oktoba, kwa sababu wakati huo nyasi hujijengea mizizi na akiba kabla ya theluji. Wanajua kwamba wakichelewa hadi ardhi imeganda, mbolea hiyo itasombwa na maji bure. Sheria ni hiyo hiyo hapa Mpanda, isipokuwa kwetu matokeo yake huonekana kwenye chungu.

Jinsi naitrojeni inavyopotea

Zipo njia mbili kubwa za hasara, na zote tunazo Katavi.

Ya kwanza ni kuruka hewani. Urea ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu na joto bila kufukiwa, hugeuka kuwa amonia na kupaa. Harufu kali inayosikika ni fedha ya mkulima inayoondoka. Hali ikiwa mbaya, robo ya mbolea au zaidi inaweza kwenda kwa njia hiyo. CAN haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Ya pili ni kuzama. Mpanda hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote katika miezi sita. Sehemu nyingi za udongo wetu wa miombo ni kichanga na zina mboji kidogo. Mvua kubwa huisukuma naitrojeni chini kuliko mizizi inapofika. Ndiyo maana hatushauri kuiweka yote siku ya kupanda, mche ukiwa bado hauwezi kuila.

Namna ya kuweka

Tunaomba kamati ziyasome maelekezo haya katika jumuiya ndogo ndogo kabla ya Krismasi:

1. Palilia kwanza. Mbolea ikiwekwa kwenye magugu, magugu ndiyo yatakayoila.

2. Weka udongo ukiwa na unyevu, asubuhi au jioni. Usiweke katika ukame, wala mvua kubwa ikiwa karibu kunyesha.

3. Toboa shimo dogo umbali wa upana wa kiganja kutoka kwenye shina, kina cha vidole vitatu hivi, yaani sentimita 5.

4. Tumia kizibo cha soda kama kipimo. Kizibo kilichojaa bila kilima hubeba takriban gramu 5. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 9,000. Kizibo kimoja kwa kila shimo ni kama kilo 45, yaani karibu mfuko mmoja kwa ekari. Aliyepanda mmea mmoja mmoja kwa sentimita 30 atumie nusu kizibo.

5. Fukia papo hapo. Usisubiri umalize mstari.

6. Usiidondoshe kwenye kikonyo cha majani. Itaunguza ncha ya kukulia.

Mwenye mifuko miwili kwa ekari aigawe: mmoja mahindi yakiwa ya goti, wa pili wiki mbili au tatu baadaye kabla ya mbelewele.

Je, shamba lina njaa ya naitrojeni kweli? Angalia majani ya chini. Yakianza kugeuka manjano kutoka nchani, yakifuata mshipa wa katikati kama herufi V, ndiyo dalili yake. Majani ya mche mchanga yakiwa na rangi ya zambarau, upungufu ni wa fosforasi. Ukiona kiduha kimechanua maua kati ya mahindi, zungumza na bwana shamba au bibi shamba kabla ya kununua chochote.

Faida, na mipaka yake

Mahali ambapo mbegu ni nzuri, palizi imefanyika na mvua imetosha, kilo moja ya naitrojeni iliyowekwa kwa wakati huweza kuongeza kilo 10 hadi 20 za mahindi. Mfuko mmoja wa urea, wenye kilo 23, unaweza hivyo kuongeza gunia mbili hadi nne za kilo 100. Kwa familia yenye ekari mbili, hiyo ndiyo tofauti kati ya kununua unga Januari na kutokununua.

Lakini tusidanganyane. Katika shamba lililojaa magugu, au lililopandwa Januari, au lililochoka kabisa, mbolea hiyo hiyo hurudisha kidogo. Urea na SA zikitumiwa miaka mingi peke yake huongeza tindikali katika udongo. Kwa hiyo tunaendelea kuhimiza samadi ihifadhiwe chini ya paa isilowe mvua, mabua yasichomwe, na mahindi yabadilishane shamba na karanga au kunde. Samadi ina naitrojeni kidogo kwa uzito, lakini hujenga udongo unaoishika ile ya mfukoni.

Neno pia kwa wakulima wa tumbaku. Mbolea ya NPK na CAN inayokopeshwa kupitia vyama vya msingi mara nyingi huishia kwenye mahindi. Tunajua sababu yake, maana watoto hawali tumbaku. Hata hivyo, deni hubaki pale pale, na tumbaku iliyokosa mbolea hushuka daraja. Ni afadhali kupanga mbolea ya mahindi kama bajeti yake yenyewe.

Kosa letu wenyewe

Tunaandika haya tukiwa na jambo la kukiri. Katika mmoja wa misimu yetu ya mwanzo, fedha za mbolea zilitufikia mwishoni mwa Januari. Tulinunua, tukatafuta gari, na mifuko ikashushwa katika ghala la parokia moja wakati mahindi yamekwisha toa mbelewele. Tuliigawa hivyo hivyo, kwa sababu taarifa yetu ilitakiwa kuonyesha mifuko mingapi imegawiwa. Mama mmoja alipokea wake, akautazama, akatuuliza kwa upole: "Sasa hii nimwekee nani?" Hatukuwa na jibu.

Taarifa ile ilisomeka vizuri, maana idadi ya mifuko ilitimia. Lakini hakuna aliyevuna zaidi kwa sababu yake. Leo tungefanya tofauti: tungeifunga mifuko vizuri, tukaipanga juu ya mbao mbali na ukuta na unyevu, tukaisubiri Desemba iliyofuata. Urea iliyohifadhiwa pakavu haiharibiki kwa msimu mmoja.

Tunachoomba

Kwa kamati za parokia: kusanyeni michango ya wanakikundi kati ya Julai na Septemba, mahindi yakiwa ghalani na karanga zikiwa sokoni. Januari ni mwezi mgumu; Krismasi imepita, na sare na madaftari ya shule yanadai. Hakikisheni pia kila mkulima ameandikishwa kijijini kwake kwa ajili ya ruzuku. Serikali ilirudisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, na mkulima aliyeandikishwa alinunua kwa namba yake. Asiye na namba alilipa bei kamili. Mbolea ikishaingia ghalani, igawiwe baada ya kamati kuona shamba limepaliliwa, si kabla.

Kwa wafadhili wetu: tunashukuru kwa kila shilingi. Mbolea inayofika Mpanda huwa imesafiri kutoka bandarini kwa lori, au kwa reli hadi Kaliua na kisha kilomita 210 za reli ya tawi. Safari hiyo inahitaji wiki kadhaa, na mvua zikianza barabara za vijijini huwa ngumu zaidi. Mchango unaotufikia Septemba huwa mbolea ardhini Januari. Mchango wa Januari, hata ukiwa mkubwa mara mbili, huwa mbolea ya mwaka unaofuata.

Nasi kwa upande wetu, katika taarifa zetu tutaandika mambo matatu badala ya moja: idadi ya mifuko, tarehe iliyofika kwa mkulima, na gunia alizovuna. Tunaomba mtuulize tarehe hiyo kila mara. Mkulima aliyepata mfuko mmoja kwa wakati amesaidiwa kuliko aliyepata miwili ya kuwekea mabua.